Faili Ninazozijua Mimi Tu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Zimebaki siku tano. Majaribio yangu ya miezi mitatu katika masjala ya ofisi ya maji yanaisha Ijumaa. Nafasi ni moja, tuko wawili: mimi na Miwani, binti asiyependa maneno, anayeandika kila kitu kwenye kidaftari chake. Hii ni kazi yangu ya nne. Dada, ninayeishi kwake, amesema nikirudi bila barua ya ajira, chumba changu kinakuwa cha cherehani yake. Leo nimemkuta anapima dirisha. Dada hatanii.

Nimewaza mpaka chai ikapoa. Nani hafukuzwi kazi? Anayejua vitu viko wapi! Sasa faili zetu zimepangwa kwa alfabeti, hata mlinzi anaweza kuzipata. Hapo ndipo penye kosa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Wenzangu wamekwenda kula, mimi nimebaki na njaa yangu na kazi yangu. Nimepanga upya faili mia mbili, kwa sura na tabia za wateja wenyewe. Wenye ndevu, kabati la kwanza. Wanaokohoa, la pili. Wagomvi chini kabisa, karibu na mlango. Hata faili za sisi wafanyakazi nimezipa mahali pake. Mpango safi!

Miwani alirudi mapema. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia nafuta vumbi. Akaandika hata hilo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Ushindi! Mkuu wetu, Mama Masjala, alitaka faili ya mwoka mikate. Miwani alikwenda kwenye herufi yake, akatoka mikono mitupu. Mimi moja kwa moja kwa Wanaokohoa (unga umemharibu kifua, maskini). Sekunde nane! Mama Masjala akasema leo nimemfurahisha. Kichwa kilivimba, sikatai.

Miwani aliniuliza kwa upole faili nyingine ziko wapi. Nikamwambia haya mambo ni kipaji. Jioni nimemwacha anafungua kabati moja baada ya jingine, kidaftari mkononi. Ameanza kufuta vumbi! Nilimhurumia kidogo. Si sana.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku ya mikosi. Mteja alipiga simu. Simu! Sura yake nitaijuaje? Nikamuuliza kama ana ndevu. Akakata.

Halafu akaja bwana mmoja kwenye dirisha la wateja. Nilimtazama, sikumkumbuka hata chembe. Nikapekua makabati mawili. Akaanza kufoka, akapiga meza, akasema atanishtaki, na hapo hapo nikamkumbuka: Wagomvi! Faili yake ilikuwa ya kwanza kabisa katika kundi hilo. Kwa hiyo mpango unafanya kazi, ila mteja naye ajitahidi. Mama Masjala alisema huduma kama hii hajawahi kuiona tangu aajiriwe. Nikamwambia asante.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mkurugenzi alikuja saa nne. Hakutuuliza swali hata moja. Alitaka tu faili zetu sisi wawili atie sahihi.

Ya Miwani ilikuwa mezani tayari. Ya kwangu? Sina ndevu. Sikohoi. Mgomvi si mimi. Dakika kumi nazunguka, jasho jembamba linanitoka, Mkurugenzi anatazama saa. Mwisho nikaomba kioo nijitazame. Sina utani, niliomba kioo! Miwani akanipa chake. Kisha akafungua kidaftari, akasoma kwa sauti yake ndogo: kabati la tatu, rafu ya juu, nyuma ya boksi la karatasi, kundi la Wakurugenzi Wajao, faili moja.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mkurugenzi alicheka mpaka akashika meza.

Nafasi amepata Miwani. Nikaanza kukusanya kalamu zangu, nikiiona cherehani ya Dada chumbani kwangu. Ndipo Miwani, ambaye sijawahi kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo, akasema tatu. Alisema mtu anayekumbuka sura za watu mia mbili asiwekwe kabatini. Awekwe dirishani. Alisema mwoka mikate huja na tabasamu kwa sababu mimi humuuliza hali ya kifua chake. Mkurugenzi akaniongezea miezi mitatu, dirishani, chini ya Miwani.

Niliona haya kweli kweli. Nilimshukuru mbele ya wote. Dada ameisoma barua mara mbili, kisha akakunja futi yake akairudisha kwenye droo. Chumba bado changu!

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimeamka mtu mpya. Jumatatu mimi na Miwani tunarudisha faili zote kwenye alfabeti, na kwa kuwa nimeahidi kuanza mapema kabla yake, jana alinikabidhi kile kidaftari alichoandika kila faili iliko. Kaniomba nikitunze kama mboni ya jicho, maana nakala nyingine hakuna.

Nimekitunza! Nyumba hii ina watoto wa Dada wanaochezea kila kitu, kwa hiyo nimekificha mahali ambapo hakuna atakayepafikiria. Wala sikuandika popote, mtu asije akasoma.

Jioni nimekwenda kuhakikisha. Chini ya godoro hakipo. Nyuma ya kabati hakipo. Kwenye pipa la mchele hakipo. Nimekificha vizuri kuliko nilivyodhani. Miwani atafurahi sana.