Mfalme Asiye na Dosari

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Nimepewa ufalme! Kikundi chetu cha maigizo kinacheza Jumamosi kwenye ukumbi wa mtaa. Mfalme wa awali, dereva wa lori, kapata safari ya ghafla. Mimi nilikuwa askari wa mlangoni, lakini mistari yote naijua kwa kuwasahihisha wenzangu. Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, ndiye mshauri wa mfalme. Inamfaa. Ana sura ya mtu wa kusimama pembeni.

Mwalimu, mama mstaafu anayetuongoza, alieleza kwamba igizo hili ni tanzia. Shujaa wa tanzia si mtu mbaya. Ni mtu mkubwa mwenye dosari moja, na dosari hiyo ndiyo inayomwangusha. Nikamwambia nimeelewa. Akasema hajamaliza. Nikamwambia asijisumbue.

Nyumbani mke wangu akasema baba yake atakuja kutazama. Nikaweka kijiko chini. Baba mkwe ndiye mwenye karakana ya useremala tunayofanyia kazi mimi na mwanyumba. Kifua chake hakitaki tena vumbi la mbao, na mwezi huu atamkabidhi mmoja wetu karakana nzima. Mke wangu kaomba kitu kimoja tu: wiki hii nisibuni jambo lolote. Nimemwahidi. Kisha nikaanza kufikiria nitaitumiaje Jumamosi.

Jumanne, tarehe 5

Mwalimu katupa kazi. Kila mwigizaji atafute dosari yake mwenyewe, ili amwelewe mtu anayemwigiza. Nimejitafuta tangu asubuhi. Sijaona kitu.

Nikamuuliza mke wangu. Akakausha mikono, akavuta kiti, akauliza kama nina nafasi ya kutosha. Nikaona swali limeanza vibaya, nikaliondoa.

Karakanani nikamuuliza mwanyumba huku napiga randa. Akasema mimi sisikii la mtu. Kijicho hicho! Nilimkatiza kabla hajatoa mfano.

Jioni nikamjulisha Mwalimu kwamba dosari yangu ni upole. Alitazama nje ya dirisha kwa muda. Nadhani ilimgusa.

Jumatano, tarehe 6

Kumbe kuna tatizo. Mfalme anakufa! Mwanyumba anabaki hai, anasimama juu ya maiti yangu na kusema maneno ya mwisho, tena marefu. Sasa baba mkwe ataikabidhi karakana kwa nani, mzima au maiti?

Nikamwomba Mwalimu mfalme apone. Hapana. Azimie tu? Hapana. Aanguke, halafu ainuke awasamehe wote? Akasema hadithi nzima ni kwamba anaanguka. Watu waliosoma sana ni wagumu.

Natoka, nikakiona kiti cha enzi. Kiti cha plastiki kilichofunikwa shuka! Wazo likanijia palepale. Nitatengeneza kiti cha enzi kwa mikono yangu mwenyewe. Baba mkwe atakaa mstari wa mbele, na muda wote atakuwa anatazama kazi yangu. Hata nikifa, kiti kitabaki kinanitetea.

Sijamwambia mke wangu. Hili si jambo. Ni fanicha.

Ijumaa, tarehe 8

Kiti ni kizuri mpaka naogopa kukitazama. Mgongoni nimechonga simba. Mwanyumba kapita, kauliza huyu paka ana huzuni gani. Nimemsamehe. Ndiyo dosari yangu.

Simba kala muda wote, kwa hiyo miguu nitaitia gundi kesho asubuhi. Karakana ina sheria yake: kiti kikitiwa gundi kinalala kwenye vibanio mpaka siku ya pili, gundi ikauke, halafu hakitoki mlangoni kabla baba mkwe hajakikalia yeye mwenyewe. Baba mkwe ni mzito kuliko sisi sote. Kikimbeba yeye, kinauzwa. Ni sheria nzuri kwa viti vya kawaida. Lakini hiki ni cha kumshtukiza. Akikikalia kwanza, atashtuka nini tena?

Jumamosi, tarehe 9

Asubuhi gundi na vibanio. Mchana nikavitoa vibanio, vilikuwa vinaharibu sura ya simba. Kiti kikasimama vizuri kabisa.

Ukumbi ulijaa. Baba mkwe alikaa mbele, mke wangu kando yake. Nilipoingia na taji, mke wangu akatabasamu, nami nikasikia raha ya kweli moyoni. Kisha akakiona kiti. Tabasamu likaondoka.

Nikakiendea. Mwanyumba akasogea, akainama kama mshauri, akaninong'oneza nisikae. Alikuwa amekigusa nyuma ya pazia, na gundi bado mbichi. Maneno hayo hayamo kwenye igizo! Nikajua anajiongezea mistari mbele ya baba mkwe. Nikapaza sauti kwamba mfalme hafundishwi kukaa. Makofi! Naye akapaza yake, karibu alie, kwamba ananisihi, mtukufu, nibaki nimesimama. Makofi zaidi. Nikaona jamaa ananizidi. Nikakaa kwa uzito wangu wote.

Mguu wa kulia wa kiti ulishika njia yake, wa kushoto yake. Nilifika chini, simba akaja juu ya kifua changu. Ilikuwa onyesho la kwanza. Hata vita vya mfalme vilikuwa havijatangazwa.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mke wangu hakucheka. Niliona aibu, aibu kubwa. Naiandika hapa, na hapa ndipo itakapobaki. Mwalimu alifunga pazia, na nikamsikia akisema kwamba kwa miaka yote aliyofundisha, leo darasa zima limeelewa.

Baba mkwe akaja nyuma ya pazia. Akaokota mguu wa kiti, akaugusa, akaunusa. Akauliza kama mwanyumba alinionya. Nikasema alinionya. Akauliza kama nilimsikia. Nikasema nilimsikia vizuri sana. Akauliza sasa mbona nilikaa. Nikamweleza kwamba mfalme akimtii mshauri mbele za watu, heshima imekwisha. Akaitikia kwa kichwa, akaniwekea ule mguu mkononi, akaenda zake.

Jumapili, tarehe 10

Karakana kapewa mwanyumba.

Mke wangu alinieleza mengine akiwa amenipa mgongo. Baba yake alikwisha kuamua tangu wiki iliyopita. Karakana ilikuwa yangu! Mzee alisema mkono wangu kwenye mbao unampita mwanyumba mbali. Alitaka tu nimalize wiki moja salama, halafu anikabidhi funguo. Hawakutaka nijue mapema, kwa sababu wananijua.

Chakula kilinishinda. Nilikwenda bafuni nikafungua bomba, nikalia.

Nilipotoka, mke wangu akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamkumbusha kwamba lililovunjika ni guu la kiti. Tena mwanyumba si mkuu wangu. Akasema kuanzia kesho ndiye. Jibu zuri lilinijia baadaye, lakini alikuwa amekwisha kulala.

Jumatatu, tarehe 11

Siku ya kwanza ya mwanyumba kama bosi. Hakujigamba. Alinisalimia vizuri, akanipa kazi ya viti vya zahanati, kazi kubwa, ya heshima. Kisha akanivuta pembeni, pasipo mtu wa kutusikia, akasema tafadhali, ndugu yangu, hivi viti vilale kwenye vibanio mpaka kesho.

Nimeliwaza neno hilo kutwa nzima. Mtu kapewa cheo leo, na leo hii hii anafundisha watu habari za gundi!

Sasa ndipo somo la Mwalimu limeniingia. Ni kweli kabisa. Mtu mkubwa anakuwa na dosari moja, wote wanaiona, mwenyewe haioni. Maskini mwanyumba. Ni kiburi. Kitamwangusha, na mimi siwezi kukaa kimya nikimtazama ndugu yangu anaporomoka.

Kesho asubuhi nitamweleza, kwa upole, mbele ya mafundi wote.