Mheshimiwa Hawezi Kutapika

Habari iliyolifikia benchi asubuhi ile haikutoka gazetini wala redioni. Ililetwa na Mama Kwato mwenyewe, kiatu kimoja mguuni na cha pili hakijulikani kilikobaki. Mheshimiwa ameanguka, alisema, na daktari yuko njiani.

Mheshimiwa alikuwa farasi. Mama Kwato alikuwa nao watatu kwenye malisho ya ng'ambo ya njia, akiwafundisha watoto kuwapanda, na huyu wa kahawia ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Jina alipewa na watu wa benchi kwa sababu ya kitambi chake, na kwa tabia yake ya kupokea chochote kinachopita juu ya uzio bila kuuliza kimetoka wapi.

Benchi lenyewe lilikuwa nje ya duka la fundi cherehani aliyeitwa Wakili. Mahakamani hakuwahi kufika ila siku alipopeleka joho alilolipunguza mikono, lakini kwa ubishi angeweza kushindana na uzi wake mwenyewe mpaka ukakatika. Kando yake hukaa Brashi, mchora mabango, mtu mwenye mwandiko wa kifalme na tahajia ya kubahatisha. Na mwisho wa benchi ni mahali pa Stempu, tarishi mstaafu.

Stempu ndiye aliyevuka njia wa kwanza, kahawa ikimmwagikia magotini. Sababu ya haraka hiyo aliijua peke yake. Miaka thelathini watu walimngoja milangoni, wengine wakimwita kwa jina kabla hajakunja kona. Alipostaafu, na mkewe alipokwisha kutangulia mbele ya haki, hakubaki kiumbe wa kumngoja isipokuwa Mheshimiwa. Kila asubuhi saa moja farasi yule aliweka kidevu juu ya uzio, na kila asubuhi Stempu alimpa vipande viwili vya mkate wa jana. Viwili tu. Mtu haendi kwa rafiki mikono mitupu.

Sasa rafiki alikuwa chini, analowa jasho, anageuza shingo kulitazama tumbo lake kama mtu anayetazama mlango unaogongwa.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke asiye na maneno mengi. Alimpima Mheshimiwa, akamwinua, akampitishia mpira puani na kummiminia mafuta, kisha akawaeleza waliosimama kwamba farasi hawezi kutapika. Kilichokwisha kuingia hakirudi kilikotoka. Wakili alinong'ona kwamba hapo ndipo jina la Mheshimiwa lilipothibitika, lakini hakuna aliyecheka.

"Nataka kujua amekula nini leo," daktari alisema. "Kila kitu."

Stempu alihisi masikio yakimuwaka. Akainua mkono kama mwanafunzi, akasema ni yeye, vipande viwili vya mkate, na kama farasi atakufa basi wajue aliyemuua ni nani.

Mama Kwato alimtazama, akafungua mdomo. Kabla hajasema, Brashi naye akainua mkono. Yeye alitoa nusu mkate, kwa kuwa alimwona mnyama anasononeka. Wakili alikohoa, akakiri maganda ya viazi, ila akaomba ieleweke kwamba hayakuwa chakula bali mabaki. Mama wa kahawa, aliyewauzia watu wa benchi, alikuwa ameleta keki zilizolala. Mwalimu aliyekuwa akipita akasema yeye ni tufaha tu, kila siku, akienda na akirudi. Daktari alikuwa akiandika. Ukurasa ukajaa, akageuza wa pili.

Wakamtembeza Mheshimiwa kwa zamu mpaka karibu na adhuhuri, Stempu akikataa kupumzika hata zamu yake ilipokwisha. Hatimaye, penye kona ya malisho, farasi alisimama, akafikiri, akainua mkia. Zawadi ile ilipokelewa kwa makofi. Brashi alimkumbatia daktari, akakumbuka hajatambulishwa, akamwachia. Stempu alikaa chini kwenye majani, akalia na kucheka kwa pamoja, na wala hakuona haya.

Mama Kwato hakucheka. Aliwaambia kwamba amewapenda, lakini ikitokea mara nyingine atawahamishia farasi wake kwa kaka yake, mwendo wa saa mbili kwa gari, na hapo watabaki kulisha uzio.

Ndipo benchi lilipojitwika kazi ya kuwazuia wapita njia. Siku hiyohiyo Brashi alichora bango zuri: TAFADHALI USILISHE FARASI. Kesho yake ikapita familia ya watu wanne na mfuko wa mikate. Baba wa familia alipoonyeshwa bango alilisoma kwa utulivu, akasema limeandikwa "usilishe", maana yake linamsema mtu mmoja, na wao wako wanne. Wakili, kwa aibu kubwa, alikubali kwamba hoja ina miguu.

Bango likabadilishwa: MSILISHE FARASI. Jioni yake akaja mtu peke yake.

Kikao kizito kikaitishwa. Wakili alitaka uzio wa pili wa kuulinda uzio wa kwanza. Mama wa kahawa akasema watu hawaogopi adabu, wanaogopa meno, basi liandikwe kwamba farasi huyu anauma. Wote wakaafiki. Brashi alichora kwa rangi nyekundu, herufi za urefu wa mkono, akalitundika alfajiri kabla wenzake hawajafika: FARASI HUYU ANAUMWA.

Kufikia saa tatu njia ilikuwa imejaa. Nani ampite mgonjwa asimjulie hali? Walikuja na karoti, walikuja na matufaha yaliyokatwa vipande ili asihangaike kutafuna, na bibi mmoja wa nguo za kitenge alileta uji kwenye chupa ya chai. Fundi bomba mmoja alimshika Mheshimiwa paji la uso, akatangaza kwamba homa imeshuka. Mheshimiwa alizipokea salamu zote kwa unyenyekevu, mdomo wazi.

Wakili aligombana na Brashi juu ya ile "w" moja. Brashi alishikilia kwamba herufi yenyewe ameichora vizuri. Stempu hakuwasikiliza. Alikuwa amemwona Mama Kwato dirishani, simu sikioni, na alijua anayepigiwa ni kaka.

Alivuka njia, akasimama kati ya uzio na bibi mwenye uji. Maneno hakuwa ameyapanga.

"Mama, samahani. Huyu haumwi. Aliumwa, na mimi ni mmoja wa waliomuumiza."

Bibi akasita. Stempu akamweleza yote, taratibu, kama alivyokuwa akiwasomea barua wasiojua kusoma: vile vipande viwili vya mkate, jasho, shingo iliyogeuka, na jinsi kila mmoja alivyodhani chake ni kidogo. Waliokuwa nyuma wakasogea kusikia. Fundi bomba aliondoa mkono kwenye paji la uso.

"Nami nilikuwa nampenda," Stempu alimaliza. "Ndiyo maana nilimpa."

Bibi alifunga chupa yake. Alisimama kidogo, akauliza sasa uji huu aupeleke wapi, maana nyumbani wameshakunywa. Wakili akajibu kutoka benchini kwamba aulete huku.

Toka siku hiyo Stempu alisimama pale kila asubuhi, akiisimulia habari ileile kwa kila aliyekuja na mfuko, na hakuna aliyeisikia akarusha hata ganda. Mama Kwato alimpigia tena kaka yake simu, akasema farasi hawaji. Kisha akampa Stempu brashi ya kumsugulia farasi manyoya na ruhusa ya kuingia ndani ya uzio. Asubuhi ya kwanza Mheshimiwa alimpekua mfuko wa kulia, akapekua wa kushoto, akaguna. Halafu akaweka kichwa begani kwa yule mzee na kukiacha hapo. Stempu hakusogea, akiogopa kupumua asije akamsumbua.

Mifuko ya watu, lakini, haikurudi nyumbani. Karoti, mikate, keki na uji vilikuwa vikivuka njia na kuishia benchini, kwa kuwa kutupa chakula ni dhambi na Wakili hakutaka mtu apate dhambi mbele ya duka lake. Brashi akaacha kula kwake, mkewe akaanza kuuliza ana nyumba ngapi. Wakili alijiongezea kiuno cha suruali mara mbili.

Baada ya miezi miwili daktari alirudi kumkagua farasi. Akamkuta mwepesi, tumbo limeingia, macho yanang'aa, akampongeza Mama Kwato. Wakati wa kuondoka alipita benchini. Wakili alikuwa ameegemea ukuta, mikono juu ya tumbo. Brashi alikuwa anahema baada ya keki. Daktari alisimama, akawatazama mmoja mmoja kwa jicho la kazi.

"Na hawa," alimuuliza Mama Kwato, "ni wa nani?"

"Hawana mwenyewe, daktari. Wanalishwa na wapita njia."

Daktari alivuta kalamu. Kabla hajafungua mkoba kutoa ule mpira, benchi lilikuwa tupu.