Kadi Iliyobaki Kwenye Leso

Sogeeni karibu, enyi watu wa Kaptembwo, nanyi wa mbali hadi Rongai. Punguzeni redio, epueni chai, msikie habari za Adero binti Odongo, Mpiga-mbio wa Asubuhi, Mjaza-mikebe ya Maharagwe, na vita alivyopigana na mwanawe Bravin, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi miwili.

Asubuhi hiyo alidhani ameshinda. Alimfikisha Bravin kwa Chepkemei, mlezi wa watoto kumi na wanne katika chumba kimoja cha mabati, akamfunika leso yake ili anuse harufu ya mama, kama wafanyavyo wanawake wote wa mtaa huo. Kisha akanyata nyuma ya sufuria ya uji, akatoweka bila kuaga, kama kawaida yake.

Lakini alipofika lango la kiwanda na kujipapasa, mfukoni hamkuwa na kitu. Kadi ya kazi! Jana aliifunga kwenye pembe ya leso, fundo mara mbili, isije ikapotea. Na leso sasa ilikuwa ndani ya ngome ya adui.

Pembeni walisimama wanawake tisa, wengine na watoto mgongoni, wakingojea nafasi ya yeyote atakayechelewa.

"Mathe, bila kadi huingii," akatangaza Kipngetich, bawabu mkuu wa lango hilo. "Saa moja kamili nafunga. Na usinililie, mimi si meneja."

"Nani analia, boss? Wewe shikilia hilo lango!"

Akageuka, akaruka mitaro, akapasua kundi la mbuzi kama mkuki. Mlangoni Chepkemei akamzuia kwa mwiko.

"Adero, usithubutu! Nimembembeleza huyo mpaka mgongo umekataa. Akikuona akalia, wengine wote wataitikia!"

"Dada, kadi iko kwa leso."

"Woi! Basi ingia na magoti."

Shujaa akatambaa kati ya vikombe na miguu midogo. Bravin aliketi kwenye mkeka, leso mabegani kama joho la mfalme, fundo lote mdomoni. Adero akanyoosha mkono. Macho yakakutana. Mdomo wa mfalme ukaanza kutetemeka.

Hapo Adero akaacha hila zote.

"Bravin, mama anaenda kazi. Jioni nitarudi, nakuambia ukweli. Nipe hiyo, baba."

Mfalme akalitoa fundo mdomoni, likidondosha mate, akamkabidhi. Adero akalifungua, akachukua kadi, akamrudishia leso. Kiganja kidogo kikainuka.

"Bai."

Aliyelia ni mama, tena alilia akikimbia.

"Hii kadi imeoga wapi?" akauliza Kipngetich, akiipangusa kwa suruali, dakika moja kabla ya saa moja.

"Vitani," akajibu Adero, akapita.

Na iandikwe, vizazi vya Nakuru visome, kwamba siku hiyo mtu asiyejua hata kuvaa viatu alimpa mfanyakazi ruhusa ya kwenda kazini, na maharagwe yakaingia mikebeni.