Saa ya Usingizi Kwenye Magodoro ya Stoo

Jumatatu, 3 Machi
Nesi wa shule ametupima pumzi kwa kibomba chenye mshale. Mimi 310. Mpinzani wangu, tunayemwita Mapafu, 540! Kocha amesema atakayeshindwa kufika 350 Ijumaa hakimbii mashindano. Akaongeza, "Profesa, vitabu havina miguu." Wenzangu wakacheka. Nikacheka nao, nifanyeje?

Lakini siri nimeigundua. Mapafu husinzia kipindi chote cha historia. Na kitabu cha maktaba, ukurasa wa 88, kinasifu usingizi wa mchana kwa wanamichezo. Wamekwisha!

Jumanne, 4 Machi
Saa ya chakula nimejificha stoo ya michezo, katikati ya magodoro ya kurukia. Giza. Kimya. Vumbi kiasi. Dakika arobaini. Nimeamka nakohoa. Bila shaka mapafu yananyooka.

Jumatano, 5 Machi
Saa nzima. Kifua kinapiga filimbi. Mama ameacha kukatakata vitunguu, akasema marehemu baba alianza hivihivi. Nimemkumbusha kwamba baba alipasua mbao miaka ishirini bila kulala mchana hata siku moja. Ndiyo maana! Akavirudia vitunguu vyake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimelala mara mbili. Mapafu amenifuma. Eti nimepauka kama chaki, eti nitoke, vumbi litaniua. Wivu! Anataka siri ibaki yake. Nimejifunika godoro jingine.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepuliza: 190. Nesi akadhani kibomba kimeharibika, akakigonga mezani, akanirudishia. 160. Kisha sakafu ikanijia usoni. Nasikia Mapafu ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali, mbio, bila kutweta. Majivuno tu. Kocha amelikata jina langu.

Jumapili, 9 Machi
Wodini. Naandika nikiwa na barakoa ya hewa. Daktari ameniuliza nililala wapi, nikamweleza. Akavua miwani. Amesema vumbi la magodoro lilikuwa linanifanyia yaleyale ambayo vumbi la mbao lilimfanyia baba, ila kwa haraka zaidi. Mama akatoka. Nilimsikia akilia koridoni, nikaona aibu, maana wagonjwa wengine walikuwa wamelala.

Halafu daktari akaniamuru nipumzike wiki mbili. Hata mchana! Kumbe naye anakubaliana na ukurasa wa 88. Kosa langu lilikuwa kulala kidogo mno. Nikitoka, stoo, saa mbili kwa siku.