Mama Mkwe Amesoma Mpango wa Hadithi Yangu

Mheshimiwa Mhariri wa Ukurasa wa Hadithi,

Nakuamkia kwa heshima zote, nikiwa nimempakata mwanangu, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinihukumu. Mimi ndiye niliyekuletea sura mbili za hadithi ndefu ya kuchekesha, ya fundi viatu aliyeazima suti akaenda harusini, akadhaniwa ni baba mdogo wa bwana harusi. Ulinijibu kuwa umecheka, lakini huchapi hata mstari mpaka upate mpango wa sura zote kumi na mbili kabla ya Ijumaa. Nimeutengeneza. Sasa nalalamika.

1. Mpango umeua kicheko. Zamani niliandika mtoto akinyonya, sijui fundi viatu atafanya nini, tukashtuka wote. Siku hizi najua kila kitu. Sura ya tatu anateleza. Nikifika pale namkuta ameshalala chini, ananingoja.

2. Sikatai, bila mpango nilikosea kidogo. Mjomba wa bibi harusi nilimzika sura ya kwanza, sura ya pili akaomba chai. Lakini ni hapo hapo ulipoandika pembeni "safi sana".

3. Makala yako ya Jumamosi ilianza na mashimo ya barabarani, ikaishia kwenye meno ya shemeji yako. Mpango wake uko wapi? Nauliza tu.

4. Hili ndilo kubwa. Mpango niliubandika ukutani jikoni. Mama mkwe, ambaye ndiye hunishikia mtoto niandike, akausoma akimenya viazi: "Sura ya saba, mama mkwe anakwama dirishani." Akaweka kisu chini.

"Mkwe, kwani mimi nina kiuno cha kukwama?"

Nikamwambia, mama, huyo ni mama mkwe wa fundi viatu.

"Fundi viatu umemwona wapi wewe? Mama mkwe unayemjua ni mmoja!"

Akaenda kujipima kwenye dirisha la sebuleni. Akapita, Mhariri. Akapita vizuri kabisa, akazunguka, akaingia kwa mlango na kunirudishia mtoto. Tangu Jumatatu hajamshika. Ningekuwa naandika kadiri inavyokuja, asingejua kitu mpaka gazeti litoke, na kufikia hapo angekuwa ameshacheka sura sita.

Kwa hiyo naomba nikuletee mwisho tu, njia uniachie niitafute mwenyewe. Ukikataa, basi nipangie na mwanangu: siku ya jino, saa ya kuharisha, dakika ya kulala. Hilo nalo likikushinda, njoo umshike wewe. Ana kilo tisa na anapenda kung'oa miwani.

Nina hamu siku moja akijua kusoma, aone jina la mama yake kwenye karatasi isiyo kadi ya kliniki.

Wasalimie wapiga chapa, yule dada wa mapokezi aliyenipa kiti, na wote wa nyumbani kwako.

Ni mimi, nisiyekata tamaa,
Mama wa yule mtoto aliyelia ofisini kwako

Nyongeza: Nikiikunja barua hii, mama mkwe ameomba nimsomee. Amekubali kumshika mtoto, kwa sharti ajue mapema mama mkwe wa fundi viatu atafikia wapi, sura kwa sura, kwa maandishi. Mpango huu hapa ndani. Sasa una sura ishirini na nne, nyingi kazitunga yeye. Tafadhali usibadilishe hata moja. Nimeshaweka sahihi, na mtoto ameshachukuliwa.