Firigisi ya Jumapili

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Kuku mmoja, firigisi moja, na mama mkwe kampa shemeji. Ndani ya nyumba yangu! Tangu lini kaka wa mke, tena fundi bomba, akala firigisi huku mwenye nyumba akitafuna shingo? Nilicheka kwa adabu. Moyoni niliwaka. Jumapili anachinjwa kuku wa kumuaga mama. Firigisi hiyo ni yangu, liwalo na liwe.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe huwasimulia wanangu hadithi jikoni, zote za chakula: Sungura kala, Fisi kakosa. Leo nikaomba zamu. Nikatunga moja safi sana: Simba anagawa nyama, firigisi anampa Sungura kwa sababu ni fundi cherehani. (Kama mimi. Walinielewa.) Mama mkwe akasifu, kisha akauliza Fisi yuko wapi, maana hadithi ya nyama bila Fisi haijaisha. Shemeji alicheka hadi akapaliwa. Wivu tu.

Jumamosi, 8 Machi
Nikajilaza. Nikanong'ona kwamba firigisi pekee ndiyo itaniponya. Mama mkwe akanihurumia mno, akaagiza mgonjwa asiguse nyama kabisa. Uji bila sukari, mara tatu! Saa kumi nikapona.

Jumapili, 9 Machi
Ushindi! Wote walikuwa uani wakitandika mkeka. Nikaingia jikoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama kawaida. Nikafunua sufuria, nikainama, nikaiopoa. Ya moto! Nikaimeza karibu nzima.

Tulipokaa kula, mama mkwe akanigeukia. “Mwanangu, siku ile nilikukosea. Shemeji yako mwenyewe kaniambia firigisi ya leo ni yako.” Akachota. Akakoroga, akachota tena. Hamna.

Nikapendekeza shemeji apekuliwe. Mke wangu alikuwa anaitazama futi yangu. Mchuzi ulikuwa umepanda hadi inchi ya kumi na mbili. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe akawaambia watoto, taratibu kabisa, “Haya wajukuu zangu. Leo Fisi kaja mwenyewe.”

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe kaondoka. Shemeji kambebea begi, kujipendekeza tu. Watoto wananiita Baba Fisi. Nimekaa nikatafakari sana kosa langu, na nimeliona: futi. Mama anarudi mwezi ujao. Nimeshapigilia msumari mlangoni pa jikoni wa kuitundika.