Mgeni Asiyetakiwa Kuona Ukungu

Jumatatu, 3 Juni
Mmea wangu umefika! Majani mapana kama sinia, kijani cha kung'aa. Asili yake nchi za joto, haupukutishi majani mwaka mzima. Mama aliutazama akauliza kama unaliwa. Nikasema hauliwi. Basi ni mgeni tu, akasema. Jina likaganda: Mgeni.

Ijumaa mwalimu wa kilimo atakagua bustani zetu za nyumbani. Mwenye mmea bora atapewa ufunguo wa kitalu cha shule. Ufunguo wa pili anao msichana wa zamu ya maktaba. Tangu mwaka uanze nimemwambia neno moja: asante. Nalo lilikuwa lake kulisema.

Jumanne, 4 Juni
Nimesoma kitabu cha bustani mpaka chai ikapoa. Kinasema adui mkubwa wa mmea huu ni ukungu. Katika mji huu wa mlimani! Juzi asubuhi baba aliuamkia mkokoteni akidhani ni mzee jirani.

Nimemfunika Mgeni kwa nailoni, juu yake blanketi la dada, kisha kamba. Hata pumzi haipiti. Binamu, wa nyumba ya pili, ana mmea kama huu. Kauacha wazi kando ya tangi, ukungu unaukatiza kama njia ya mkato. Nilimwonea huruma. Akaniambia, Profesa, mmea si mtoto mchanga. Nikamwambia asome.

Jumatano, 5 Juni
Dada alidai blanketi. Nimempa langu, nimelala na sweta la shule. Raha tupu. Nimejizoeza mbele ya kioo: "Kumbe na wewe una ufunguo." Kioo kiliona haya kuliko mimi.

Bibi aliniambia, mume wangu, hebu fungua kidogo mti upumue. Nikamweleza kwa adabu kwamba hilo ndilo analolisubiri adui.

Ijumaa, 7 Juni
Mwalimu kaja na klabu nzima ya kilimo. Msichana wa maktaba naye! Nikafungua kamba kwa madaha, kama anayezindua sanamu.

Harufu ya soksi. Majani meupe, yameota manyoya kama paka. Mwalimu akauliza ugonjwa huu nimeutoa wapi. Nikasema haiwezekani, nimeukinga na ukungu wiki nzima. Akasema huu ndio ukungu. Nikatazama juu. Jua linawaka.

Msichana alicheka mpaka akainama. Akasema ni ukungu wa majani, si wa angani. Nikiyakata mabovu utachipua, na kesho atapita auone. Sentensi nzima! Kwangu mimi!

Ufunguo kachukua binamu. Sikumbuki nilijisikiaje. Nilikuwa naihesabu ile kesho.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekata majani mabovu. Limebaki jani moja, zima, zuri ajabu. Nikarudi kitabuni nisikosee tena. Ukurasa unaofuata: adui wa pili ni kutu.

Safari hii hanipati mtu. Nimeng'oa misumari ya uzio. Jembe nimelitupa bondeni. Bawaba za geti zilikuwa mbovu kuliko zote, nimezitoa pamoja na geti lenyewe.

Baba yuko uani anauliza geti limekwenda wapi. Mbuzi wa jirani hakuuliza kitu. Aliingia moja kwa moja, na sasa mama kapata jibu lake: unaliwa.

Msichana amefika, ameona kijiti, amecheka tena. Kitabu hakikutaja mbuzi popote. Nimemwambia Jumatatu naazima kilicho kinene zaidi.